Mahrita na Chumba cha Langoni

"Hivi Mahrita, umeingia chuo kikuu ili urudi kuuza vitambaa anavyoshona mama yako?"

Swali hili aliulizwa na jirani yake, Julak Saudah, asubuhi moja wanawake wa mtaa wa mtoni walipokuwa barazani na sindano zao. Julak ndivyo tunavyowaita mama zetu wakubwa, na Saudah ni Julak wa mtaa mzima. Hakuuliza kwa ubaya. Kuuliza kwa ubaya hajui. Anachojua ni kuuliza kwa sauti kubwa, mpaka waliokuwa wakifua ng'ambo ya mto wakainua vichwa.

Mahrita aliinamia kitambaa chake. Aliyejibu ni mama yake, Masliani.

"Nani kasema atauza vitambaa? Mjomba wake Bahrudin kamtafutia kazi huko juu, kwenye ofisi ya kampuni ya makaa ya mawe. Atakaa kwenye kiti kinachozunguka."

"Alhamdulillahi!" wakaitikia wote, na sindano zikaendelea.

Mahrita alikuwa na neno la kusema. Lilifika kooni likakaa hapo hapo.

Alizaliwa katika nyumba ile ile, nyumba ya mbao juu ya nguzo, mto ukipita chini ya sakafu na njia ya mbao ikipita mbele ya mlango. Katika mtaa wetu hakuna anayepita kimya, mbao humsema. Baba yake, Hamdan, huendesha mashua ya injini inayopeleka mchele vijiji vya juu, kwa hiyo mtoto alilelewa na mama, na mama alilelewa na kazi yake. Kazi yenyewe ni sasirangan, kitambaa chetu cha Banjarmasin. Unachora mawimbi au majani kwenye kitambaa cheupe, unashikiza mishono mirefu juu ya mchoro, kisha unavuta uzi kwa nguvu mpaka kitambaa chote kinajikunja kikawa kama uso wa bibi kizee. Ndipo unatia rangi, unaanika, halafu unafumua.

Hapo kwenye kufumua ndipo Mahrita alipopotelea tangu udogo. Maana kabla uzi haujatoka, hata aliyekishona kitambaa hajui rangi imepita wapi na imegoma wapi. Mungu peke yake ndiye anayejua. Mtoto alikuwa akikaa miguuni kwa mama yake, anatazama uzi ukitoka, na ua likifunguka alikuwa akiruka mpaka sakafu inatikisika: "Imetoka, Mama! Imetoka!" Masliani alikuwa akimkemea kwamba atawaangusha wote mtoni, lakini alikuwa akicheka.

Jambo jingine alilolipata kwa mama yake ni namna ya kuuza. Kwetu mtu hauziwi kimya kimya. Muuzaji lazima aseme, "Nimekuuzia kama kilivyo," na mnunuzi ajibu, "Nimenunua." Hata iwe chumvi ya kutia kwenye mboga. Ndivyo masheikh walivyowafundisha babu zetu, ili moyo wa huyu na moyo wa yule ijue kwamba imeridhiana. Alipokuwa darasa la pili, Mahrita alitumwa kumpelekea fundi seremala pakiti ya mayai ya bata yaliyotiwa chumvi. Akarudi na pesa mkononi, amefurahi.

"Ulimwambia umemuuzia?" mama akauliza.

"Nimesahau."

"Rudi."

"Mama, mvua!"

"Na mayai yetu yako kwa mtu. Rudi ukamwambie."

Alirudi, akaloa chapa chapa. Fundi alikuwa ameshakula yai moja, akajibu "Nimenunua" kwa mdomo uliojaa.

Basi mtoto huyu alisoma, akafaulu, akaingia chuo kikuu kusomea biashara. Chuo chenyewe kiko kando ya barabara kubwa, na pembeni ya lango lake kuna chumba kimoja kizuri cha duka, chenye dirisha pana la kutazama barabarani. Kila mwaka chuo hufanya mashindano ya wanafunzi wafanyabiashara, na mshindi hupewa chumba hicho kwa mwaka mzima bila kodi. Mahrita alikuwa akipita hapo kila siku. Kichwani mwake alikuwa ameshapanga kila kitu: vitambaa vya Mama vitaning'inia dirishani, vya Julak Saudah ukutani, na kwenye kila kitambaa jina la aliyekishona. Lakini jina lake hakuliandikisha hata mara moja. Hakuna msichana aliyeandikisha.

Mwaka wake wa mwisho akaja mhadhiri mpya, Bu Raudah, yaani Mama Raudah, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Siku ya kwanza tu alisimama mbele ya darasa akauliza, "Nimeambiwa chumba cha langoni kila mwaka anachukua mvulana. Mabinti zangu, ninyi biashara hamuipendi?"

Wasichana waliinamia madaftari yao.

"Haya. Nani humu ndani anafanya biashara?"

Wavulana wakanyoosha mikono. Mmoja wao, Fahmi, muuza vinywaji vya barafu, akanyoosha yote miwili.

"Wasichana?"

Hakuna mkono. Bu Raudah akawatazama, kisha akaitazama mikoba yao iliyovimba.

"Basi niulize vingine. Nani ana kitu cha kuuza ndani ya mkoba wake sasa hivi?"

Kicheko kikapita safu ya nyuma. Msichana mmoja, Norhalisah, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi Bu, ni ndizi za kukaanga tu."

"Tu! Ziko wapi hizo tu? Lete hapa."

Ndizi zikaja mezani. Nyuma yake zikaja hijabu tano rangi tano. Zikaja poda baridi za mchele za kupaka usoni, mayai ya bata, keki za karanga, na sabuni aliyoichemsha mtu kwa mikono yake. Kila mkoba ulipofunguka darasa lilipiga kelele, na meza ya Bu Raudah ikajaa mpaka mayai yakawa yanashikiliwa yasianguke.

"Kumbe darasa zima ni soko!" Fahmi akalia. "Na mimi mwaka wa tatu nakaa humu na njaa!"

"Sasa kwa nini hamkunyoosha mikono?" Bu Raudah akauliza.

"Hiyo si biashara, Bu," akasema Norhalisah. "Hiyo ni kusaidia nyumbani."

Bu Raudah alikaa. Akafunika mdomo kwa kiganja, na hakuna aliyejua kama anacheka au anataka kulia. "Na mashindano?" akauliza baadaye. "Nielezeni. Nataka kujua kwa kweli."

Hapo ndipo lile neno lililokwama kooni mwa Mahrita lilipopata njia. Alisimama bila kujua amesimama lini.

"Bu, mashindano ni usiku baada ya isha. Sisi wa mtoni tutarudije? Halafu unapanda jukwaani peke yako, unaambiwa uwaeleze watu kwamba wewe ni bora kuliko wengine. Kwetu mtoto wa kike akisema hivyo anaulizwa amelelewa na nani. Na mama zetu, ambao ndio wanaotengeneza hivi vitu, hawaruhusiwi hata kuja kuona."

"Na ingekuwa asubuhi? Na badala ya kujieleza, unauza?"

Mahrita akacheka kwa furaha. "Hapo, Bu, hata Julak Saudah angekuja!"

"Simjui, lakini aje."

Wiki nzima Bu Raudah alionekana akiingia ofisi hii na kutoka ile, viatu vyake vikigonga sakafu. Wengine walimwambia mashindano yamefanywa hivyo tangu zamani. Wengine walimwambia wanawake wenyewe hawataki. Aliwajibu kwa kuwawekea mezani yai la bata na kuwaomba wakisie limetoka kwenye mkoba wa nani. Mwisho alirudi darasani, hata salamu hakumaliza vizuri.

"Imekubaliwa! Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uwanjani, kuanzia asubuhi. Kila mtu na meza yake. Mama zenu waje. Waamuzi hawatasikiliza hotuba ya mtu. Watapita kwa wanunuzi wawaulize jambo moja tu: mwaka mzima ujao ungependa kurudi kwa nani? Atakayetajwa zaidi ndiye mwenye chumba."

Wasichana walipiga makofi, wakapiga na meza. Siku hiyo hiyo wakajiandikisha wengi kuliko wavulana.

Mahrita alivuka daraja akikimbia. Alimkuta mama yake akivuta uzi, akamweleza yote kwa pumzi moja. Masliani hakuinua macho.

"Na mjomba wako?"

"Mama..."

"Bahrudin kapiga simu leo. Jumatatu baada ya Jumamosi hiyo anapita na gari alfajiri. Kiti kiko wazi, wanakusubiri." Akaukata uzi kwa meno. "Mimi nimeshona ili wewe usishone, mwanangu. Angalia vidole hivi."

Mahrita aliviangalia. Alivijua, vilikuwa na rangi kwenye kucha ambayo hata sikukuu haikutoka. Akakaa chini akavishika.

"Mama, vitambaa vyako anavichukua yule mzee wa sokoni, anaviuza mijini kwa jina la duka lake. Anayevaa hajui kama kuna Masliani duniani. Mimi nimesomea jinsi ya kulibadilisha hilo. Nikienda kukaa kwenye kiti kinachozunguka, masomo hayo nimpe nani?"

Mama alivitazama vidole vyake mikononi mwa binti. Mashua ikapita, nyumba ikatikisika kidogo, ikatulia.

"Haya. Sikiliza. Ukikipata chumba, baki. Usipokipata, Jumatatu alfajiri unapanda gari na mjomba wako, na nisisikie kilio."

"Nimekubali."

"Kweli?"

"Kweli, Mama."

Tangu siku ile mtaa haukulala vizuri kwa furaha na hofu. Kila aliyekuwa na kitambaa alikileta. Masliani alisema hatashiriki mambo ya watoto, kisha akashona mawimbi ya kijani na dhahabu ambayo hajawahi kushona tangu aolewe. Mahrita, kila baada ya magharibi, alibaki kwenye mkeka wa swala na kumwomba Mola jambo moja tu, na mnalijua.

Jumamosi walikula wali wa njano na samaki wa mchuzi mwekundu jua halijatoka. Mbao za njia zikalia: Julak Saudah huyo, uso mweupe kwa poda, upepeo mkononi.

"Nakuja kutazama tu," akasema. "Sitasema neno."

"Julak, siku gani hukusema neno?" Mahrita akamuuliza.

"Siku niliyozaliwa. Mama aliniambia nilichelewa kulia. Twendeni."

Walifika langoni na mafurushi vichwani. Mlinzi, Syahrani, akanyoosha mkono.

"Wachuuzi hawaingii, mama zangu. Amri."

"Nani mchuuzi?" akasema Masliani. "Mimi ni mzazi wa mwanafunzi."

"Na hilo furushi?"

"Hilo nalo ni mzazi," akadakia Julak Saudah. "Limesomesha mtoto kuliko wewe."

"Julak, sikatai, lakini mimi sijaambiwa kitu. Binti apite. Ninyi subirini hapo nje."

Mahrita hakupita. Alisimama nao kando ya chumba kile cha langoni, jua likiwapanda usoni, huku ndani wakisikia meza zikivutwa na watu wakianza kuitana. Mama yake alikuwa ameteremsha furushi na kulikalia, kama mtu anayesubiri mashua iliyochelewa. Hakulalamika. Alijifunika tu uso kwa ncha ya mtandio. Mahrita alimtazama, akalitazama na dirisha pana nyuma yake. 

Bu Raudah alipopata habari alikuja mbio, viatu mkononi. "Ni wageni wangu, Syahrani! Wote! Hata wenye mafurushi! Hasa wenye mafurushi!" Mlinzi akaomba radhi, akabeba furushi kubwa mwenyewe. Lakini saa nzuri ya asubuhi ilikuwa imepungua, na meza ya Fahmi ilikuwa tayari imezungukwa na watu safu mbili.

Walitandaza haraka haraka. Chuo kilikuwa kimepanga kwamba malipo yote ni kwa simu: mnunuzi anaskani alama iliyobandikwa mezani, simu inalia, pesa zimeingia. Hata kitambaa hakijakunjuliwa chote, akatokea bwana mmoja mwenye shati la bluu, mgeni kutoka Jakarta. Aliyashika yale mawimbi ya kijani na dhahabu, akayageuza juani, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Akaskani. Simu ikalia. Akatabasamu, akaondoka na kitambaa begani.

Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kusogea. Mahrita akanyoosha mkono kwa wa pili, na mama yake akamkamata kifundo cha mkono.

"Hukumuuzia."

"Mama, amelipa."

"Nimesikia simu. Lakini hukumwambia umemuuzia, na yeye hakusema amenunua. Na ndiye wa kufungua biashara, Mahrita! Wa kwanza kabisa!"

"Mama, watu hawa hapa. Mashindano."

Masliani aliuachia mkono. Mahrita aliwatazama watu waliokuwa wakisubiri, akaitazama meza ya Fahmi, akaiona Jumatatu alfajiri na gari la mjomba wake likiwa limesimama darajani. Hakuna ambaye angejua. Bwana mwenyewe hakujua. Lakini ghafla alihisi mvua ya darasa la pili ikimteremka mgongoni, na yai la bata mdomoni mwa fundi.

"Samahani, ndugu zangu, dakika moja," akasema. Akashika sketi yake, akakimbia.

Alikimbia katikati ya uwanja, akapishana na meza za wenzake wakimwita, "We Mahrita, unafukuzwa na nani?" Akaliona shati la bluu mbali, chini ya hema kubwa. Aliingia humo hajapunguza mwendo, na aliposimama aligundua kwamba hilo lilikuwa hema la waamuzi. Bwana yule alikuwa mmoja wao. Kando yake alikaa mkuu wa chuo, Profesa Darmawi, kikombe cha chai mkononi.

"Bwana," Mahrita akasema, pumzi hana, "tafadhali, sema umenunua."

Bwana akatoa simu upesi. "Nimelipa, dada. Hii hapa, angalia."

"Najua umelipa. Pesa imeingia. Nakuomba useme tu."

"Niseme nini?"

"Kwamba umenunua. Mimi nimekuuzia kama kilivyo. Wewe sema, nimenunua."

Hema zima liligeuka kutazama. Kisha Profesa Darmawi, ambaye naye ni mtoto wa kwetu Banjarmasin na mama yake alikuwa akiuza mboga, akaanza kucheka mpaka chai ikamwagikia kwenye sahani. "Sema, bwana, sema! Usiposema mama yake hatakula leo."

"Na nisiposema?" bwana akauliza, naye akianza kutabasamu.

"Basi kitambaa ni chetu na pesa ni yako," akajibu Mahrita, "na sote wawili tumeshika visivyo vyetu."

Bwana akasimama. Akaweka mkono kifuani kama anayetoa ushahidi. "Nimenunua," akasema kwa sauti.

"Halali!" likaitikia hema zima.

Mahrita alirudi akitembea, uso ukimwaka. Alijua amejiharibia. Ameacha meza saa ya wateja, amewakimbilia waamuzi kama anayewadai, na sasa watamwona ni mtu wa vituko. Alijiambia, haya, Jumatatu si mbali. Halafu akasikia sauti. Sauti ile hakuna asiyeijua katika mtaa wetu.

"Nimekuuzia kama kilivyo! Haya kijana, jibu! Usiniangalie kama samaki wa sinia!"

"Ni... nimenunua, Julak!"

"Mungu akubariki! Mwingine! Wewe mwenye miwani, sema kwa nguvu, kitambaa hakina masikio!"

Julak Saudah alikuwa amepanda juu ya kiti. Watu walikuwa wamejaa, wengine hawakuja kununua, walikuja kusikia. Wanafunzi waliotoka mbali, wasioijua desturi hii, waliomba waambiwe neno la kujibu, na waliokulia nayo walicheka kwa macho yenye machozi maana walikuwa wameikosa tangu walipokuja bwenini. Mahrita aliingia nyuma ya meza, akavuta pumzi, na sauti ikamtoka mpaka mama yake akageuka kumtazama.

"Nimekuuzia kama kilivyo!"

"Nimenunua!"

Kwenye meza ya pili Norhalisah naye akaanza, na ndizi zake zikajibiwa. Akafuata wa hijabu, akafuata wa sabuni. Mara uwanja mzima ukawa unauziana kwa sauti, na Fahmi akawa anapiga kelele kuliko wote, "Nimekuuzia barafu kabla haijayeyuka!" Msichana yule ambaye asingeweza kusema mbele za watu kwamba yeye ni bora, siku hiyo alisema mbele za watu mpaka akakauka koo, kwa sababu maneno hayo hayakuwa ya kujisifu. Alikuwa nayo tangu utotoni, na aliyekuwa upande wa pili alimjibu.

Vitambaa vilivyokwisha kufumuliwa vikaanza kupungua. Chini ya meza kulikuwa na furushi la vingine ambavyo bado vilikuwa na uzi. Mahrita akavitoa.

"Chagua," akamwambia msichana mmoja. "Hata mimi sijui kimetokaje."

"Ngoja!" Masliani akaingilia. "Haviuzwi bila kuonekana. Afumue kwanza, aone. Akipenda ndipo muuziane."

Basi ikawa hivyo. Mnunuzi anakaa, Masliani anamwonyesha uzi wa kuanzia, anauvuta taratibu, watu wanainama kutazama. Kitambaa kilichokunjamana kinalegea, kinafunguka, na ua linatokea pale pale mikononi mwake, jekundu, halijawahi kuonwa na mtu. "Imetoka!" Mahrita akapiga kelele, na miguu yake ikaruka yenyewe. "Imetoka!" wakaitikia watu wote waliozunguka. Kila mtu akataka kufumua chake. Aliyekifumua hakukubali kukiacha.

Adhuhuri waamuzi walianza kupita kwa wanunuzi na swali lao. Mahrita alijikaza asiwatazame. Alimsikia bwana wa shati la bluu akimuuliza mwanafunzi aliyekuwa karibu, "Ungependa kurudi kwa nani?" na mwanafunzi akajibu, "Kwa yule niliyemwambia nimenunua." Bwana akauliza, "Ni nani huyo, maana leo kila mtu ameambiwa?" Mwanafunzi akanyoosha kidole. Mahrita akageuza uso haraka, akajifanya anakunja kitambaa ambacho hakikuwepo.

Baada ya swala Profesa Darmawi alipanda jukwaani na kipaza sauti. Hakuzunguka sana. Alisema mwaka huu wasichana wamejaza uwanja, na kwamba chumba cha langoni, kwa mwaka mzima, ni cha Mahrita binti Hamdan.

Masliani alikuwa na kitambaa kimoja kilichobaki. Alijifunika nacho uso mzima, mabega yakitikisika. Bu Raudah alimkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye, na mtu huyo alikuwa Syahrani mlinzi, wakaachana kwa aibu. Julak Saudah alikaa kimya. Ndiyo, alikaa kimya, na poda ilikuwa imechorwa njia mbili na machozi.

"Ni mimi niliyekuuliza," akasema mwisho. "Kwamba umesoma ili uje kuuza vitambaa."

"Ndiyo, Julak."

"Mjukuu wangu Ainun mwakani anamaliza sekondari. Je, hicho chuo chako kina nafasi?"

Mahrita alicheka, akamkumbatia, poda ikahamia kwake. Jumatatu ilipofika mjomba Bahrudin alikwenda zake peke yake, amevaa shati la sasirangan alilolinunua kwa maneno yote mawili, na mpaka leo anawaambia watu wa ofisini kwamba wazo la duka lilikuwa lake. Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile uwanjani lilibaki jambo moja.

Profesa Darmawi alimwita Mahrita jukwaani. Alipanda, na mama yake akapanda naye maana hakumwachia mkono. Ni jukwaa lile lile aliloliogopa miaka yote, sasa mchana, na chini yake nyuso alizokwisha kuuziana nazo.

"Wewe ni msichana wa kwanza," mkuu wa chuo akasema. "Tusaidie. Chuo kifanye nini ili mwakani wanawake wawe wengi zaidi ya hawa? Omba, tunakusikiliza."

Watu walitegemea ataomba mikopo, au kompyuta, au walimu kutoka nje. Mahrita alitazama juu ya vichwa vyao vyote, mpaka langoni, mahali ambapo asubuhi mama yake alikalia furushi lake juani. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Naomba lango lile wafunguliwe mama zetu siku zote, si leo tu. Na wakija na mafurushi, wasaidiwe kubeba."